Yatoeni Majalada Kabatini

Ndugu zangu maafisa ustawi wa jamii, wahadhiri wa fani hii, wanafunzi mnaohangaika na tasnifu, na nyinyi wakuu wa idara mnaoshika funguo za masjala: andikeni mnayoyajua, myachapishe. Nasema hili kwa moyo wote. Wapo watu katika nchi hii wanaojua kwa nini mtoto wa darasa la tano anapanda basi peke yake kutoka Kahama na kushukia Dar es Salaam bila hata namba ya simu ya ndugu. Wanajua ni mume wa namna gani anayetulia baada ya usuluhishi, na ni yupi atakayerudia kipigo kabla mwezi haujaisha. Wanajua bibi anayelea wajukuu sita anakula mara ngapi kwa siku. Hawakusimuliwa, wameyaona kwa macho yao, miaka kumi, miaka ishirini. Kisha wanahamishwa wilaya, wanastaafu, wanafariki, na ujuzi wote ule unaondoka nao. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Na sisi madaftari tunayo tele! Tulichokosa ni mtu wa kuyafungua na kuuambia umma yanasema nini.

Tulitazame daftari moja tu, la matunzo. Mara nyingi ni kaunta buku lenye jalada gumu, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, jina la baba, jina la mama, kiasi, sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Baba analeta fedha ofisini, mama anakuja kuzichukua mbele ya afisa, ili kesho asitokee mtu wa kusema hakupewa. Sasa fuateni kwa kidole mstari wa baba mmoja, mfano wa wengi. Januari, 40,000. Februari, 40,000. Machi, 20,000, na pembeni afisa ameandika kwa kalamu nyekundu: ataleta iliyobaki. Aprili pako wazi. Mei ameandikiwa barua ya wito, imepitia kwa mtendaji wa kata, hakufika. Juni mama amekuja mara mbili, na mara zote mbili ameondoka mikono mitupu na mtoto mgongoni.

Peke yake, huo ni mkasa wa familia moja. Lakini kusanyeni madaftari ya miaka mitano katika halmashauri moja, mhesabu mstari kwa mstari, na mtaanza kupata majibu ambayo hakuna mtu mwingine nchini anayeweza kuyatoa. Malipo hukatika mwezi wa ngapi? Hukatika msimu wa kilimo fedha zinapokwenda kwenye mbegu, au hukatika baba anapooa mke mwingine? Barua ya wito inayopelekwa na mtendaji inamleta baba ofisini mara nyingi zaidi kuliko simu ya afisa, au kidogo zaidi? Mama aliyefika mahakamani na kupata amri analipwa kwa uhakika kuliko aliyemalizana na mzazi mwenzake kwa usuluhishi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto haki ya matunzo na imeipa mahakama uwezo wa kutoa amri. Siku Bunge litakapokaa kuirekebisha sehemu hiyo, nani ataweka mezani ushahidi wa jinsi ilivyofanya kazi Nzega, Masasi au Temeke? Ushahidi huo uko kwenye rafu, chini ya vumbi, na funguo mnazo nyinyi.

Mtu ataniambia kwamba hayo kila afisa anayafahamu. Ndiyo, anayafahamu, na anayasimulia vizuri sana wakati wa chai. Lakini bajeti haipangwi kwa masimulizi ya wakati wa chai. Kamati ya Bunge haiiti masimulizi. Waziri akiulizwa swali, wasaidizi wake wanatafuta kilichochapishwa, na wasipokuta cha kwetu watachukua kilichoandikwa na mtu aliyekaa hapa wiki tatu akarudi kwao.

Na msiniambie kwamba maandishi hayaisogezi serikali. Mwaka 2009 vijana wa Tanzania Bara na Zanzibar, wenye umri wa miaka 13 hadi 24, waliulizwa kwa faragha na kwa uangalifu mkubwa kuhusu ukatili waliofanyiwa utotoni. Kazi hiyo iliwashirikisha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, UNICEF na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na takribani mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi. Kabla ya hapo, ukitaja mambo haya kikaoni ulijibiwa kwamba ni ya mijini, ni ya Wazungu, ni ya familia moja moja zilizolaaniwa. Baada ya hapo jibu hilo halikuwezekana tena. Serikali yenyewe ilisimama mbele ya taarifa hiyo na kukiri. Mipango ya ulinzi wa mtoto ikaandikwa, na kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 tukawa na MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, wenye kamati mpaka ngazi ya kata na kijiji. Afisa ustawi anayeitisha kikao cha kamati hiyo leo anasimama juu ya utafiti uliochapishwa, hata kama hajawahi kuushika mkononi.

Tazameni na Kagera. Kule Muleba, ambako UKIMWI uliwaacha mabibi na wajukuu peke yao kwenye migomba, mradi wa KwaWazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi. Ungeweza kubaki mradi mdogo wa wilayani, ukasifiwa kwenye risala na kusahaulika. Lakini mwaka 2008 tathmini yake ilichapishwa, na ikapewa jina la vitu vitatu ambavyo fedha zile zilinunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Soma hapo, ewe mwandishi wa ripoti zenye maneno makubwa! Hakuna aliyehitaji kufasiriwa umaskini ni nini baada ya kusoma kwamba pensheni ikiingia, mtoto anakwenda shule akiwa ameoga, amevaa viatu, na usiku uliopita alikula mboga yenye chumvi. Wanaotetea pensheni kwa wazee wote wamekuwa wakiitaja kazi hiyo tangu wakati ule. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, bila kuuliza kama alikuwa mwajiriwa au mkulima. Je, nani ameandika, kwa jicho la ustawi wa jamii, maisha ya mzee wa Micheweni yalibadilikaje tangu siku ile? Ofisi za shehia zina majina na tarehe. Mimi nataka kusoma kitabu hicho, na nataka mwandishi wake awe mtu aliyewagawia wazee fedha hizo kwa mkono wake.

Maana tukinyamaza, wengine huandika, na wakati mwingine huandika vizuri mno. Mwaka 2005 Edward Miguel, mchumi wa Marekani, alichapisha utafiti kutoka Meatu, Usukumani, kuhusu mauaji ya vikongwe wanaosingiziwa uchawi. Alionyesha kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko, mauaji hayo yaliongezeka mara mbili, na waliouawa walikuwa karibu wote ni wanawake wazee, mara nyingi kwa mikono ya ndugu zao wenyewe. Njaa ilikuwa inatafuta mdomo wa kupunguza, na ikauona wa bibi. Utafiti ule ulitumia taarifa za mabaraza ya vijiji. Maafisa wetu, watendaji wetu na wenyeviti wa vijiji wa Meatu walikuwa na majina ya wale mabibi. Walikuwepo mazishini. Waliona macho mekundu ya moshi wa kuni yakigeuzwa ushahidi wa uchawi. Mgeni alikuja, akauliza, akahesabu, akachapisha, na dunia ikajua. Namshukuru kwa dhati. Uchungu wangu ni kwamba tuliomfungulia mlango hatukuwa tumeandika hata kurasa kumi zetu wenyewe, zenye yale ambayo yeye hakuweza kuyaona: nani kijijini aliwahi kumkinga bibi akafanikiwa, na alifanya nini.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa majaribio ya ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kule Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kamati za vijijini ziliwatambua walengwa, zikawafuatilia watoto shuleni na kliniki, zikabeba lawama za walioachwa nje ya orodha. Tathmini kubwa ilichapishwa mwaka 2014 na Benki ya Dunia: kaya zilinunua mbuzi na kuku, zikajiunga na bima ya afya ya jamii, zikawanunulia watoto viatu. Viatu tena. Ila yale ya mwenyekiti wa kamati aliyenuniwa na nusu ya kijiji kwa sababu ya orodha, hayo yanajulikana na nani kama si sisi? Na hayo ndiyo yanayoamua kama mpango wa awamu ijayo utaheshimika au utachukiwa.

Sasa nije kwenye lugha, na hapa nawasihi wahadhiri wangu kwa namna ya pekee. Andikeni kwa Kiingereza, mtusemee mbele ya dunia, ni wajibu. Lakini msiishie hapo. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hakimu wa Mahakama ya Watoto anasikiliza shauri kwa Kiswahili. Afisa ustawi anampelekea taarifa ya uchunguzi wa kijamii: mtoto huyu anaishi na nani, shule aliacha lini, nyumbani kuna nini. Diwani anajadili bajeti ya halmashauri kwa Kiswahili. Mama wa daftari la matunzo anajieleza kwa Kiswahili, ama kwa Kigogo, Kisukuma au Kimakonde. Kila mtu katika mnyororo huu anafikiri na kuamua kwa lugha hii, isipokuwa utafiti unaowahusu wote, ambao umefungiwa katika lugha ambayo wengi wao hawaisomi kwa raha, ndani ya majarida ambayo makala moja huuzwa kwa dola zinazoweza kununua unga wa wiki. Hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Wala kisomo cha juu kwa Kiswahili si ndoto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikichapisha majarida ya Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na humo watu wanabishana kwa hoja nzito kuhusu sarufi, isimu na fasihi bila kuomba radhi kwa yeyote. Kama ngeli za nomino zinastahili jarida la kitaaluma kwa Kiswahili, mtoto aliyetelekezwa hastahili? Chuo cha Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973. Zaidi ya nusu karne ya kufundisha fani hii kwenye ardhi hii inatosha kujaza rafu kwa rafu.

Ukanda wetu umeanza kujiandikia. Wasomi wa Makerere, Nairobi, Rwanda na Kijitonyama, wakishirikiana na wenzao wa Austria, walitoa mjini Kampala mwaka 2014 kitabu cha pamoja kuhusu kazi ya ustawi wa jamii Afrika Mashariki, kupitia Fountain Publishers. Mwaka 2019 kikafuata kingine, kinachochunguza mbinu za kienyeji na za kibunifu barani. Msomi Kwaku Osei-Hwedie alikwisha kulisema mapema, mwaka 1993, katika jarida lililotoka Harare: fani hii lazima ichipuke kutoka ndani ya tamaduni za Kiafrika, isibaki kuazima kila kitu Magharibi. Na kabla yake kulikuwa na ASWEA, chama cha elimu ya ustawi wa jamii Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1971 na kuwa na makao Addis Ababa. Walimu wa bara zima walikutana, wakaandika visa vya vijiji vyao, wakavichapa. Chama kikafa mwishoni mwa miaka ya 1980, na nyaraka zake zikabaki zimetawanyika huku na kule, kizazi kizima cha wanafunzi wakifundishwa kana kwamba hazikuwahi kuandikwa, mpaka zilipokuja kukusanywa na kuhifadhiwa kidijitali. Nikifikiria hilo nasikia hofu. Waliandika, wakachapa, na bado nusura wapotee! Sisi ambao hatujaandika kabisa tutaokolewa na nani?

Lakini sikieni na onyo, kwa sababu kuna uchapishaji ambao ni usaliti. Majalada yale ni amana. Mama alikueleza aibu ya nyumba yake kwa sababu ulikaa kwenye kiti cha serikali na kumwahidi kwamba neno halitatoka. Kubadili jina tu hakutoshi. Ukiandika "mke wa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa, mama wa pacha", umemtaja mbele ya wilaya nzima. Badili kijiji, acha pacha, acha cheo cha mume kama hoja yako haikihitaji. Hesabu nyingi za pamoja ni salama kuliko kisa kimoja kitamu. Ukitaka kisa, rudi kwa mwenyewe, umweleze kwa lugha anayoielewa unataka kuandika nini na nani atasoma, na akikataa, uondoke kwa heshima na huduma yake isipungue hata punje. Vibali vifuateni: COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kamati ya maadili, barua ya mkurugenzi. Vinachosha, najua. Lakini mtoto aliyekwisha kuumizwa mara moja hapaswi kuumizwa tena na makala yako.

Na usaliti mwingine ni huu wa kuchapa ili kupanda cheo tu. Barua pepe inakuja asubuhi, inakuita profesa mashuhuri, inakuomba makala kabla ya Ijumaa na dola kadhaa kabla ya Jumatatu, na inaahidi kuchapa ndani ya wiki moja. Hakuna mhakiki aliyesoma. Hakuna aliyekuuliza ulihesabu vipi. Fedha ulizolipa zingetosha kukodi pikipiki na kuzunguka kata nne ukirudisha matokeo kwa wenyewe. Yakimbieni majarida hayo ya kilaghai! Mhakiki wa kweli atakutesa: atasema sampuli yako ndogo, atasema hujasoma kazi za wenzako, atakurudishia mara mbili. Kaza moyo, rekebisha, rudisha. Kupitia African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, majarida mengi ya bara hili yanapatikana; anzia humo kuwatafuta wenzako kabla ya kukimbilia mbali.

Chapisheni na yaliyoshindikana. Familia ya kuaminika iliyopewa mtoto akatoroka baada ya wiki mbili. Kikundi cha vijana kilichopewa mkopo kikavunjika. Usuluhishi ulioishia wodini. Kwenye taarifa za miradi kila kitu hufaulu, na ndiyo sababu kila wilaya inarudia kosa lile lile kwa fedha mpya. Afisa wa Songea anastahili kujua kilichowaangusha wenzake wa Bukoba kabla hajajaribu.

Nanyi wakuu wa idara, nawaomba kwa unyenyekevu na kwa nguvu pia. Msimnyime afisa wenu kibali kwa kuogopa kwamba takwimu zitaichafua halmashauri. Idadi ya mashauri ikipanda, mara nyingi maana yake ni kwamba wananchi wameanza kuiamini ofisi yenu. Mpeni siku mbili kwa mwezi za kuandika, mzihesabu kuwa kazi, maana ni kazi. Msimwekee jina lenu mbele ya lake kama hamkuandika. Vyuo navyo viwapokee maafisa hawa kama waandishi wenza, wala visiwafanye wabeba madodoso. Mhadhiri anajua kupanga hoja na kuhesabu. Afisa anajua mlango wa kubisha na swali la kutouliza siku ya kwanza.

Siku ya Ustawi wa Jamii Duniani huadhimishwa kila Jumanne ya tatu ya mwezi Machi. Tuna maandamano, fulana na hotuba, na ni vizuri. Mwaka huu afisa aje na kurasa nane pia. Chagua swali moja ambalo daftari lako linaweza kulijibu. Omba kibali wiki hii. Hesabu mistari ya miaka mitatu, wala usingoje kupata yote. Andika kwa Kiswahili kwanza, uwasomee watendaji wa kata zako na akina mama watano waliowahi kukaa kwenye benchi la ofisi yako, usikie wanapokukatalia, usahihishe. Mtafute mhadhiri mmoja, umpigie, umwambie una takwimu na unahitaji mwenza. Kisha ipelekeni kazi hiyo kwenye jarida, na nakala yake ibandikeni kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri.